Udongo wa Kinole Kwenye Matumbawe ya Kisimajuu

Jana mvua ilinyesha hapa Kinole tangu adhuhuri hadi magharibi, na simu ya Mwanahawa haikuita. Kwa miaka mingi, kila mvua ilipoanguka mlimani, kaka yake alipiga kuuliza jambo moja tu: "Dada, kijito kina rangi gani?" Akiambiwa maji ni mekundu, alishukuru, akakata.

Kaka huyo ni Dk. Twalibu Abdallah Mloka, aliyezaliwa hapahapa Kinole tarehe 9 Aprili 1964, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Abdallah Mloka na marehemu Bi Hidaya Kibwana. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, kisha sekondari mjini Morogoro. Mwaka 1986 alijiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea elimu ya wanyama.

Siku ya kwanza kupelekwa baharini, wenzake waliacha viatu mchangani. Yeye aliingia navyo mkononi, kama tunavyovuka mito yetu, na wimbi likachukua kimoja. Likizo alirudi na kingine.

"Mwanangu," mama yake alishangaa, "hiyo ni bahari gani inayokula kiatu?"

"Mama, inakula," alijibu, "lakini chini yake kuna bustani."

Mwaka 1990 aliajiriwa na taasisi ya utafiti wa bahari, na hadi anastaafu mwaka 2024 kazi yake ilikuwa matumbawe, wale viumbe wadogo wanaojenga miamba ambako samaki huzaliana. Mwaka 1995 alimwoa Bi Maimuna, mwalimu wa Morogoro mjini, wakajenga Bigwa, mjini humohumo. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Chai yake aliikoroga mpaka ikapoa.

Yanayofuata aliagiza mwenyewe yasomwe leo, mbele ya ndugu na mbele ya watani.

Mwaka 2010 alifika Kisimajuu, kijiji cha wavuvi kaskazini ya mahali Mto Ruvu unapoingia baharini. Mwamba wao ulikuwa unakufa. Dk. Twalibu alipiga mbizi, akapima, akawaambia wanakijiji kwamba wanaouua ni wao: nyavu zao za kukokota, na miguu ya wanawake wanaotembea juu ya mwamba wakitafuta pweza. Walimwamini kwa sababu alikuwa msomi, na kwa sababu alikuwa Mluguru, mtani wao. Mwamba ukafungwa. Bi Asha Pazi, kiongozi wa wanawake wa pweza, alitundika kijiti chake cha kuvulia ukutani na kuanza kukaanga mihogo barabarani.

Nyavu ziliondoka na miguu ikaondoka, lakini mwamba uliendelea kufa.

Mwaka 2014 aliweka mabomba madogo kati ya matumbawe ili kukinga matope yanayotua. Matope hayo aliyaanika dirishani ofisini. Yalipokauka aliyamwagia maji kidogo ili ayapime, na harufu iliyopanda ilikuwa ya shamba la mama yake mvua ya kwanza inapoligusa. Maabara ilithibitisha kwamba ni udongo wa Uluguru, ulioshuka na vijito hadi Ruvu, na Ruvu ukaufikisha pale. Mojawapo ya mashamba ulikotoka alilijua vizuri. Lilikuwa genge, yaani mteremko mkali, lenye msitu juu ya kijito, na fedha za kuufyeka ili mama apande mananasi alizituma yeye, kutoka mshahara wake wa kwanza. Nyumbani alisifiwa sana kwa hilo.

Alikaa kimya miaka miwili. Bi Maimuna anasema siku hizo hakuweza kula nanasi, na alipoulizwa alisema meno yanamuuma.

Mwaka 2016 alirudi Kisimajuu, akasimama mkutanoni na kueleza yote, pamoja na habari ya shamba. Bi Asha ndiye aliyejibu kwanza.

"Kwa hiyo sisi tulikatazwa kukanyaga mwamba wetu, na nyinyi Waluguru mkawa mnalima juu yake?"

Mkutano mzima uliangua kicheko. Yeye hakucheka. Alikwenda kutafuta matusi, akapewa utani, na utani ulimlemea zaidi.

"Usilie, mtani," Bi Asha aliongeza. "Siku ukifa tutakuja Kinole na majembe yetu. Shamba lile ni letu sasa."

Mwamba ulifunguliwa. Dk. Twalibu akaja kwa mjomba wake, Mzee Salum, kwa kuwa ardhi ni ya ukoo wa mama, akaomba genge lile lirudishiwe miti.

"Mpwa wangu," mzee alimwambia, "unataka sisi tuwaachie samaki shamba?"

Ilichukua masika mbili kumkubalisha. Miti aliipanda kwa mikono yake.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Katika wiki zake za mwisho, pale Morogoro, alimuuliza mkewe mara kwa mara kama watu wa Kisimajuu watakuja kumzika. Alikuwa na hakika hawatakuja, na alisema ni haki yao. Alifariki jana, tarehe 11 Novemba 2025, alfajiri.

Wamekuja. Waliwasili asubuhi ya leo, wakawanyang'anya vijana majembe, wakasema kaburi hili ni lao kulichimba. Udongo wote wameuweka upande wa juu na kuuzuia kwa magogo, Bi Asha akisimamia kwa sauti ambayo kijiji kizima kimeisikia: "Udongo usiteremke kijitoni hata kidogo! Kwetu tumeshaula wa kutosha!"

Marehemu ameacha mjane, Bi Maimuna. Watoto wawili, Yusuph na Furaha. Dada yake, Mwanahawa. Na mjomba wake, Mzee Salum. Mola amsitiri na kumpokea.

Atazikwa baada ya swala ya alasiri, kwenye genge la mama yake juu ya kijito, katikati ya miti aliyoipanda.