Tunaomba Usizime Injini

Risala ya wafanyakazi wa karakana ya magari kwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi, siku ya kuzindua chumba cha mashine mpya ya kupimia

Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, wajumbe wa Bodi, Meneja wetu, wateja wetu, majirani mliosimama kando ya uzio kwa kukosa viti, mabibi na mabwana.

Kabla hatujasoma neno jingine, tunakushukuru kwa kukubali ombi letu la kuwasha gari lako kwa mkono wako mwenyewe, liwe ishara ya uzinduzi. Limewaka mara moja na wote tumepiga makofi. Tunaomba usizime injini. Liache lingurume hapo hapo juani, vioo vikiwa vimefungwa, mpaka tumalize kusoma. Risala yetu ni ndefu kidogo, nasi tunajua una shughuli nyingi. Lakini mgeni rasmi hana budi kukaa mpaka risala iishe, na heshima hiyo ndiyo tuliyoitegemea.

MAKARIBISHO

Karibu sana. Sakafu unayoikanyaga tuliisugua kwa mafuta ya taa na sabuni ya unga, na bado utaona madoa, maana oili iliyokaa miaka haitoki kwa ajili ya mgeni mmoja. Ukuta wa mbele una rangi mbichi, tafadhali usiegemee. Ukuta wa nyuma haukupakwa kwa kuwa ratiba yako haifiki huko.

Nakala iliyomo kwenye bahasha uliyokabidhiwa mlangoni siyo hii tunayosoma. Ile ilipitiwa na Meneja. Ni nzuri, ina shukrani nyingi, na unaweza kuisoma ukiwa nyumbani. Meneja, tunakuomba ukae. Hakuna atakayetukana mtu hapa.

HISTORIA

Karakana hii ilianza kama uwanja wa kuziba pancha. Yaliyoipatia jina ni magari ya spoti ya zamani, yale ya viti viwili, yaliyokaa chini kiasi kwamba ukitaka kutoka lazima uombe mkono. Wenye nayo wengi ni watu walioyaota ujanani wakayapata magoti yakiwa yameshachoka. Tunasema hivyo kwa upendo, Mheshimiwa. Tunayapenda na sisi, ila sisi tunayaendesha kutoka kwenye maegesho mpaka kwenye shimo la kukagulia, basi.

Magari haya ni ya wakati ule kompyuta zilipoanza kuwekwa kwenye injini. Si kompyuta ya kioo na vitufe. Ni sanduku la bati, ukubwa wa kitabu kinene, limefichwa chini ya kapeti, mahali abiria anapoweka miguu. Sanduku hilo ndilo linaloamua petroli iingie kiasi gani na plagi zipige cheche lini. Ndani yake kuna vipande vidogo vyenye umbo la pipa, vinaitwa kapasita. Vikizeeka huvuja maji makali, na maji hayo hula njia za shaba kidogo kidogo. Gari likiwa baridi, hakuna tatizo. Sanduku likipata joto, linapotewa na akili na injini inazimika. Likipoa, linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Fundi akiitwa anakuta gari zima, na mwenye gari anaonekana mwongo. Ndiyo maana ugonjwa huu unachukiwa na kila fundi mjini.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu makubwa tulikuwa tunamwita Mama Taa.

Mashine unayoizindua leo ni nzuri, tumeifuta vumbi kwa mikono miwili. Lakini haina mdomo wa kuzungumza na gari kama lako. Hata soketi yake haiingii. Mama Taa alikuwa anachukua kipande cha waya, anaunganisha matundu mawili kwenye soketi iliyo chini ya boneti, kisha anakaa kwenye kiti cha dereva akiitazama taa ya injini kwenye dashibodi. Taa inapepesa, ndefu, fupi, fupi, naye anazihesabu midomo ikichezacheza. Akimaliza anakutajia kifaa gani kinalalamikiwa. Hapo ndipo jina lake lilipotoka.

Hatukuja kumpamba. Nusu ya tuliosimama hapa ametugombeza mbele ya wateja. Ana cheti cha chuo cha ufundi, alikitundika juu ya meza yake kwenye fremu, na ukikosea fyuzi anakionyesha kwa kidole. Aliwahi kumwambia Meneja kwamba hajui tofauti ya rilei na peremende. Ni mtu mgumu kukaa naye. Ila gari alilosema limepona, lilikuwa limepona.

Alitufundisha mambo mawili. La kwanza, kompyuta hulaumiwa mwisho: upime betri kwanza, nyaya za ethi zinazoshika bodi, rilei ambazo ni swichi za umeme, sensa zote zinazoipa kompyuta habari za injini, na vyote vikiwa vizima ndipo ulifungue sanduku. La pili, taa hutaja ubaya wa wengine tu. Kompyuta ikiwa yenyewe ndiyo mgonjwa, haijitaji. Inasingizia sensa nzima, na fundi mwenye haraka anaitupa sensa, ananunua nyingine, na mgonjwa anabaki pale pale amekaa kimya. Dawa yake, alisema, ni kuliacha gari lipate moto na wewe ukae usubiri. Hakuna njia ya mkato.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni moja, Mheshimiwa, nawe unaifahamu.

Ulilileta gari hili asubuhi moja, ukasimama mbele ya dirisha la mapokezi na kueleza tatizo lake. Maneno uliyosema tutayarudia baadaye. Mama Taa alipima betri, nyaya, rilei ya pampu, sensa moja baada ya nyingine. Taa ikamwambia sensa ya hewa imekufa. Akaipima, akaikuta nzima, na hapo akajua nani anasingizia. Akainua kapeti, akalitoa sanduku na kulifungua, akaona kapasita zimevuja na shaba imeshaanza kuota kijani. Hakugusa kitu ndani. Alilifunga, akalirudisha mahali pake, akakufuata ofisini kwa Meneja.

Alikuomba kitu kimoja: ukae naye garini, injini ikinguruma, mpaka lipate moto, ujionee mwenyewe, ndipo umruhusu kulehemu kapasita mpya. Ulimjibu kwamba huna muda wa kukaa kwenye gari lililosimama. Meneja akacheka, akakupa ufunguo na kukuhakikishia liko sawa. Mama Taa akawaambia nyote wawili kwamba likitoka hivyo litawaaibisha barabarani, tena kwa sauti isiyokuwa ya heshima. Hilo hatulikatai.

Likakuaibisha. Lilizimika katikati ya mzunguko wa barabara, baba mkwe wako akiwa kiti cha pembeni, na mzee wa watu akalazimika kushuka kusukuma. Watu wakapiga picha. Tulipoziona hatukucheka, au tuseme tulicheka kidogo tukaacha, kwa sababu tulijua nani atalipia ile aibu.

Uliporudi ulisema, hapo hapo ulipoketi: "Gari lilikuwa zima mpaka huyu mama alipolifungua." Kwenye kikao cha nidhamu ukasema ulikuwa umelileta kubadilisha oili tu. Mama Taa hakuulizwa alichokiona ndani ya sanduku. Aliulizwa kwa nini alilifungua. Siku hiyo hiyo alifukuzwa kazi, akakiondoa cheti chake ukutani. Msumari bado upo, hakuna aliyetaka kutundika kitu kingine.

Fundi aliyeletwa baada yake alibadilisha pampu, koili, plagi, na ile sensa ya hewa isiyo na kosa. Gari likawaka, maana lilikuwa limepoa. Tangu hapo umekuwa ukilizungusha uani kwako tu. Sanduku halijaguswa na mtu yeyote. Sisi ndio tuliokuwa tukimshikia fundi huyo tochi, na kapeti halikuinuliwa.

Kila karakana mjini inayotaka kumwajiri Mama Taa humpigia Meneja simu kwanza, na jibu ni lile lile: huyo ndiye aliyeua kompyuta ya Mwenyekiti. Sasa anatengeneza chaja za simu barazani kwa dada yake, zikiletwa. Dada yake anatuambia sanduku la vifaa liko chini ya kitanda na halifunguliwi. Mtu aliyekuwa anatugombeza sote siku hizi haongei, na hilo ndilo lililotutisha kuliko yote.

Tuliiandikia Bodi. Tukajibiwa tusubiri ziara ya Mwenyekiti. Tumesubiri, na ziara ndiyo hii.

MAOMBI

Kwa kawaida mahali hapa huombwa mabuti, glavu, feni na choo chenye mlango unaofungwa. Tunavihitaji vyote, hasa mlango. Leo hatuviombi.

Tunachoomba hakitaki bajeti. Tunaomba useme kwa kipaza sauti hiki ulichosema siku ile dirishani, kabla mkono wa mtu yeyote haujaligusa gari lako.

Hapa naomba nitoke kidogo kwenye "sisi". Mimi ninayesoma ndiye dada wa mapokezi. Kikaoni sikuitwa. Ulininyooshea ufunguo, ukanitania kwamba gari lako lina hasira kama mkeo, ukasema: "Likipata moto linazima, likipoa linawaka. Liko hivyo mwezi mzima." Nilicheka, kwa sababu Mwenyekiti akitania mtu wa mapokezi hucheka. Najua ninachokiweka mezani kwa kuyasema haya. Nina watoto, nina kodi ya nyumba. Meneja ameshaacha kuniangalia, anaangalia dirisha langu.

Narudi kwenye sisi.

Tulipomweleza Mama Taa tunachokusudia, tulidhani atalia. Alituuliza kama gari litaegeshwa juani. Tukasema ndiyo. Akatuuliza kama vioo vitafungwa. Kisha akasema, "Msimwombe anionee huruma. Mfanyeni asubiri tu."

Basi tumekufanya usubiri. Tunaomba radhi kwa rangi mbichi na madoa ya oili na vyote tulivyokueleza ambavyo havikukuhusu. Ulihitajika muda, ule ule ulioombwa ofisini ukasema huna.

HITIMISHO

Mheshimiwa, ukurasa wa mwisho tumeuandika mara mbili, kwa sababu sisi ni mafundi na fundi anaweza kukosea. Wa kwanza ulikuwa wa kusomwa iwapo mpaka sasa injini bado inanguruma. Una maneno ya kukuomba msamaha wewe na Meneja, pamoja na majina yetu sote tuliokuwa tayari kuondoka kazini leo hii. Wa pili ulikuwa wa kusomwa iwapo imezimika yenyewe.

Tunaukunja ule wa kwanza.

Ukimya huu mnausikia nyote, hata mlio nje ya uzio. Hakuna aliyelikaribia gari. Ufunguo upo pale pale ulipouacha. Kando ya kiti chako tumekuwekea kitambaa kilichofungiwa barafu. Tunakuomba, kwa mkono wako na si wa fundi yeyote, uinue kapeti ukiweke juu ya lile sanduku, usiguse plagi, koili wala pampu, kisha ukae hapo. Likishapoa, liwashe. Likiwaka utakuwa umejua alichokijua Mama Taa, na utakuwa umekijua kwa njia yake.

Kisha uje kwenye kipaza sauti. Huna haja ya kupaza sauti. Spika moja tumeigeuzia langoni, kwa kuwa mlinzi ana amri ya kutomruhusu Mama Taa kuingia, na yeye ameketi ng'ambo ya barabara, kwenye duka la matairi, amevaa ovaroli yake ya kazi.

Mungu akupe afya, akupe safari zisizokatika njiani, na akupe ujasiri wa sentensi moja. Awalinde wanao, na wa Meneja, na wetu.

Ni sisi wafanyakazi wote wa karakana, tuliomo ndani ya uzio na mmoja aliyeko nje.