Rangi ya Kucha kwenye Nati

Sikilizeni wanangu, na mniache niseme mpaka mwisho, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kwenda tu, ya kurudi sina. Wewe binti yangu, kifungua mimba, acha kunifunika, sisikii baridi. Wewe kitinda mimba, zima redio. Na wewe wa katikati, uliyesimama mlangoni na mfuko begani kama fundi aliyeitwa kutazama bomba, usiondoke. Mimi ndiye niliyekuita. Nimeona dada yako alivyokupita na kikombe mkononi bila hata salamu, na simlaumu, kwa sababu chuki aliyonayo nilimlisha mimi.

Kwanza mali, maana sijui akili itanikaa mpaka lini. Nyumba hii ni yenu watatu, isiuzwe wala isikatwe kwa ukuta. Cherehani na kabati la vyombo ni vya dada yenu. Kitinda mimba achukue pikipiki, na abadilishe lile tairi la nyuma kabla halijamliza. Gereji, pamoja na shimo lake, jeki zote mbili na ule ubao wa spana aliouchonga baba yenu, ni vya huyu aliye mlangoni. Msikunje nyuso, ngojeni kwanza mjue sababu.

Kazi yangu mnaijua. Mimi ni fundi wa miguu ya mbele: usukani, springi, bushi, shokomzoba, viungo vyote vinavyolibeba gari na kuligeuza. Wanaume wa mtaa ule walikimbilia injini kwa kuwa injini ina kelele na kelele ina sifa, mimi nikabaki kulala chali chini ya magari, tope likinidondokea machoni. Niliwafunza kwamba gari lisilowaka linakuchelewesha tu, bali lisilogeuka linakuzika. Kwamba usukani ukianza kucheza hata upana wa kidole usiuzoee, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya yote niliyasema mimi, kwa kinywa hiki hiki.

Na alama yangu mnaikumbuka. Kila nati niliyoikaza niliitia kitone cha rangi nyekundu ya kucha, hata mtaa mzima ukaniita Mama Kucha, mimi ambaye sikuwahi kuwa na ukucha mzima. Baba yenu alikuwa akisema nati za magari ya watu zimejipamba kuliko mke wake, kisha ananiletea chupa nyingine. Sheria ya gereji ilikuwa moja, kwamba nati yenye rangi ya mama haiguswi. Siku moja huyu mwanangu akaipitishia spana nati yangu, kuhakikisha tu, nami nikampokonya spana mbele ya wateja, nikamwambia, "Unanipima mimi niliyekuzaa?" Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu zake, akainamisha kichwa, akaniomba radhi. Hakurudia tena. Siku hiyo ndiyo niliyomuua baba yenu, ingawa aliishi mwaka mmoja zaidi.

Ndiyo, mmesikia sawasawa. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami kifo kimeshakaa hapa kitandani, sina wa kumficha.

Miaka ile vidole vyangu vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Nikimaliza kukaza, mikono imejaa grisi, na kile kichupa kinaniteleza. Basi nikajizoesha kutia rangi kwanza, mikono ingali safi, ndipo nikaze. Kauvivu kadogo, hakuna aliyekaona. Pikapu ya baba yenu niliibadilishia tairodi, kile kiungo kinacholishika gurudumu ligeuke pamoja na usukani. Nati nilikuwa nimeizungusha kwa vidole tu, rangi nimeshaitia, mara jirani akaniita nje nikatazame gari lake linalovuta kushoto. Nikaenda, maneno yakawa mengi. Niliporudi nikaiona rangi yangu, nikaiamini mimi mwenyewe.

Huyu mwanangu alikuwa anarudishia magurudumu. Akauliza, "Mama, nipitie tena huku mbele kabla sijashusha jeki?" Nami nikamjibu bila kugeuka, "Kwani huioni rangi?" Akashusha jeki, akampa baba yake ufunguo. Baba yenu akaondoka akitania kwamba leo gari limenyooka kuliko mwenyewe. Kwenye ule mteremko, kona ya pili, usukani ukazunguka bure mikononi mwake.

Nilifika kabla yenu. Walikuwa wamemlaza kando ya barabara, wamemfunika kwa nguo ya mtu nisiyemjua. Sikumwendea. Hilo ndilo linalonitafuna wanangu, kwamba mume wangu niliyeishi naye miaka thelathini amelala pale, nami nikaenda kwanza kwenye gurudumu. Nati niliikuta imenasa ndani ya rimu, nyekundu, haina hata mkwaruzo wa spana. Nikaifunga kwenye pindo la nguo yangu, ndipo nikaenda kumlilia.

Msibani watu wakauliza nani alishusha jeki, maana kwetu mafundi aliyeshusha jeki ndiye anayelijibia gari. Nati haikuonekana, kwa hiyo wakasema ilisahauliwa. Wewe binti yangu ukanyoosha kidole, "Ni huyu, huyu ndiye aliyemuua baba." Naye akanitazama. Alikuwa akingoja mama yake afungue kinywa, kwa kuwa kabla ya kushusha jeki nati ile aliiona kwa macho yake na rangi yangu juu yake. Nami nikatazama mkeka.

Kesho yake alikusanya spana zake. Miaka tisa ametengeneza malori ya watu huko aliko, na hakumwambia yeyote. Kila mwaka nilijiapiza kwamba mwaka huu nitasema. Niliogopa mtanichukia, nikaacha mmchukie yeye, mtoto ambaye kosa lake lilikuwa kunitii. Nimekula nanyi na kucheka nanyi, na usiku na mchana moyo ulikuwa ukinisuta.

Kitinda mimba, ingiza mkono chini ya mto. Ndicho hicho kitambaa. Kifungue. Mpe dada yako aishike... aitazame rangi.

Nisikieni, sauti inakwisha. Nati hiyo itundikeni kwenye ubao wa spana, na kila atakayefanya kazi pale aambiwe kwamba kila nati hupimwa, hata ya mama. Na mkinizika... msinilaze kando ya baba yenu mpaka huyu akubali. Akikataa, nizikeni popote, na asiulizwe kwa nini. Mwanangu, sikuombi unisamehe mbele ya watu. Sina uso huo. Uliniuliza swali jema siku ile, nikakujibu vibaya.

Mungu awaangalie wote watatu. Awape... awape mikono mizima. Awaweke pamoja pale nilipowatawanya.

Maji, kidogo. Basi. Yatosha.

Binti yangu, usilie kwanza. Kile kiti kina nguo zangu... ziondoe. Mdogo wako amesimama pale mlangoni muda wote huu. Mwambie akae.