Darasa Linaloleta Mito

Saa moja asubuhi, ughaibuni, ndani ya basi la kwenda mji wa Silver Spring, mama mmoja mwenye sare ya kazi ya kuhudumia wazee alimuuliza Makena, aliyekuwa likizoni, anafundishaje Kiingereza huko Korea.

"Wanafunzi wanasoma usiku kucha, mama, kwangu wanakuja na mito ya kulalia. Nilimsimamisha mmoja, akalala wima. Mwalimu mkuu akaniomba nipunguze sauti, nisiwaamshe."

Mama alicheka peke yake. "Achana nao, mwanangu. Kazini kwetu wanatafuta watu."

"Wazee nao hulala. Narudi Korea Jumapili, na safari hii viti natoa nje. Tutasoma tumesimama."

"Watakufuta kazi."

"Wanifute nikifundisha."

Mama alianza kutaja mshahara. Basi likasimama, Makena akashuka.