Kisanduku cha Kumi na Moja

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali, Daktari Mkuu, wakuu wa vitengo, Ndugu wageni waalikwa, wauguzi na makarani wenzangu, na zaidi ya wote wewe tunayekuaga leo, Mama Visanduku, pamoja na mumeo na wanao mlioketi hapo mbele: habari za mchana.

Mimi ni karani wa mapokezi, dirisha la tatu. Nimeombwa niseme maneno machache, na wanaonijua wameshaanza kutazama saa.

Wageni wetu, huenda mnajiuliza mtu hupataje jina kama hilo. Dada yetu huyu ndiye aliyeiandika fomu ya kompyuta ya kusajili wagonjwa, ile ya skrini nyeusi na maandishi ya kijani, isiyo na picha wala kipanya, ambayo karani huijaza kwa vidole tu, kisanduku baada ya kisanduku: jina, umri, anakoishi, anaumwa nini. Vijana huiita ya kizamani. Lakini ni nani kati yenu amewahi kuiona imeganda? Kisanduku cha umri hukubali hata mwaka peke yake, kwa sababu siku moja alimsikia bibi mmoja pale dirishani akisema tarehe haijui, anajua tu alizaliwa mwaka wa mafuriko.

Sasa nina jambo ambalo halimo kwenye karatasi niliyomwonyesha mkuu wangu wa kitengo. Anisamehe.

Mwanzoni fomu ile ilikuwa na ukali wake. Kisanduku cha kumi na moja kilidai simu ya ndugu wa karibu, na bila tarakimu kumi hupiti, ukijaribu, mashine inalia "ti!" mbele ya foleni nzima. Asubuhi moja akaja mzee hana simu, hana ndugu, ana homa. Nikakiacha wazi: ti! Nikaweka sifuri kumi: ti! Mama Visanduku alishatujua, sifuri alizikataa mapema. Foleni ikaanza kuguna. Ndipo macho yangu yakaangukia karatasi aliyoibandika mwenyewe pembeni mwa skrini: "Ukikwama, nipigie," na namba yake chini. Nikaijaza hiyo. Mashine ikanyamaza, mzee akapita.

Mwonja asali haonji mara moja. Kwa miezi miwili, kila asiye na simu nilimpa ndugu yule yule.

Wodini wakampigia. "Mama, mzee wako ameruhusiwa, njoo umchukue."

"Mzee wangu yupi, jamani?"

"Wa kitanda cha tisa. Ameshavaa viatu."

Wengi wetu tungekata simu. Yeye alikwenda. Mzee akamwambia, "Umechelewa, mwanangu," naye akaomba radhi, akambebea mfuko, akampeleka hadi mlangoni kwake.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Akaja mama mmoja, akasema namba ya mwanawe imo kwenye daftari, chini kabisa ya mkoba. Sikumsubiri atafute, nikajaza ile ile ya Mama Visanduku. Kesho yake alihamishiwa hospitali nyingine, simu ya kumjulisha ndugu ikaenda kwa Mama Visanduku asiyemjua, na mwanawe akazunguka wodi zetu siku mbili akiamini mama amefariki na sisi tunamficha. Alilalamika, na alikuwa na haki. Kikao kikaitishwa.

Mliokuwepo mnalikumbuka swali: nani alijaza? Mama Visanduku alijua. Kompyuta hutunza jina la karani wa kila fomu, na aliyeweza kulisoma ni yeye peke yake. Akasimama, akasema: "Fomu isiyokubali jibu la kweli humfundisha mtu uongo. Fomu niliiandika mimi. Andikeni jina langu." Barua ya onyo ikaandikwa kwa jina lake. Nami nilikuwa safu ya nyuma, nina mtoto wa miezi minne na mume hana kazi. Nikauchuna.

Kesho yake alikuja na kigoda, akakaa kando yangu siku mbili akitazama ninavyojaza. Hakunilaumu. Aliuliza neno moja tu: "Mgonjwa asiye na simu huwa anamtaja nani?" Nikamwambia: jirani, mwenye duka, fundi viatu wa pale kona. Wiki ile ile kisanduku kikakubali kuachwa wazi, na ukikiacha hufunguka kingine, kirefu, kinachouliza ni nani anayejua anakoishi. Ni wangapi wamefikishwa kwao salama na fundi viatu?

Miaka mitatu baadaye ulitangazwa ukuu wa kitengo cha kompyuta. Kila mtu alijua unamstahili nani. Faili lake lilirudishwa, kwa sababu ya barua ile.

Mama Visanduku, dada yangu, mtoto yule sasa yuko darasa la sita, na amekula na kusoma kwa mshahara ulioniokolea. Sijawahi kukushukuru, kwa kuwa kushukuru kulikuwa ni kukiri. Leo nakiri: ni mimi. Na nakushukuru, mbele ya mumeo na wanao, kwa moyo wangu wote.

Mheshimiwa Mkurugenzi, dada huyu anakabidhi ofisi Ijumaa. Naomba barua ile itolewe kwenye faili lake kabla hajaondoka, na iandikwe upya kwa jina langu. Usinitikisie kichwa, dada. Miaka kumi na mmoja umeninyamazia, inatosha.

Asanteni nyote kwa kunipa masikio yenu. Mheshimiwa, jibu lako nitalisubiri hapa hapa, nimesimama.