Kola Zilizokatwa Kwenye Hundi

Sogeeni karibu wanangu, na hiyo simu izimeni, tangu lini bei ya hisa ikaangaliwa pembeni ya kitanda cha mama anayekata roho? Wewe kifungua mimba, kaa hapo kwenye kiti cha cherehani nikuone vizuri, na wewe wa kati, muuguzi wangu, acha kunibana mkono, mapigo yapo, yakikatika utajua kwa sababu kelele zangu zitakoma. Kitinda mimba, funga dirisha, vumbi la barabarani linanikwama kooni. Nina maneno mengi na pumzi kidogo, kwa hiyo asinikatize mtu.

Jana mchana mlidhani nimelala. Mimi naumwa mapafu, masikio yangu hayajambo. Nilimsikia kaka yenu, dereva wetu wa malori, akisema nikishafumba macho tu hisa zote ziuzwe wiki hiyohiyo, mgawane, kila mtu ashike hamsini zake. Nyumba gawaneni, vyerehani gawaneni, hata mkasi wangu mpya mkitaka ukateni katikati. Ila kuhusu hisa mtanisikiliza kwanza, maana mnataka kuuza kitu ambacho hamjawahi hata kuniuliza nilikipataje.

Nilikuwa nawashonea ovaroli wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Mwaka wa kwanza waliagiza arobaini, wa pili sabini, wa tatu wakaleta mzigo ambao ulinilazimu kutafuta mafundi wawili wa kunisaidia, na mimi nikajiambia, mahali panapoongeza watu hivi hapafi leo wala kesho. Kiwanda kilipotangaza kuuza hisa kwa wananchi, nilichukua akiba ya cherehani cha pili nikanunua zile chache kabisa walizoruhusu. Marehemu baba yenu alinuna siku tatu, akasema nimenunua karatasi. Na kweli, nilipewa karatasi.

Sasa chekeni, kosa hili ni langu. Kila mwaka ilikuja bahasha kutoka kiwandani, ndani mna karatasi ngumu, nzuri, isiyokunjika ovyo. Nilidhani ni matangazo. Miaka sita nilikata vipimo vya kola za sare za shule kwenye karatasi hizo, mpaka siku karani mmoja wa benki alipokuja kuchukua suruali yake, akaokota kola mezani, akaigeuza, akaniuliza, "Mama, kwa nini umekata hundi?" Lilikuwa ni gawio langu, ile sehemu ya faida wanayopewa wenye hisa, nami nilikuwa nalivalisha shingo za watoto wa watu! Nilihangaika mwaka mzima kulidai. Kwa hiyo wewe kitinda mimba, siku unayofungua akaunti ya hisa, waandikie na namba yako ya benki, na kila barua isome mpaka chini, usiwe mjinga kama mama yako.

Ndiyo, nasema na wewe, mwalimu wangu wa mshahara wa kwanza. Wiki iliyopita uliniuliza unaanzaje, na kabla sijajibu ukanionyesha kijana wa kwenye simu anayeahidi pesa kuwa mara mbili kwa mwezi. Mwezi! Hata suruali ya kawaida mimi nilikuwa nachelewesha mwezi. Achana naye. Nenda kwa dalali wa hisa mwenye kibali, mwombe akuonyeshe kibali chenyewe, na asikutishe na tai yake. Peleka fedha ambayo isipoonekana miaka mitano hutalala njaa wala hutakosa kodi. Kidogo kidogo, kila mwezi, na usiweke yote kwenye kampuni moja, mimi niliweka yote kwenye sabuni, nikaponea chupuchupu. Na kampuni usiyoweza kunieleza inauza nini, usiinunue, hata kama walimu wenzako wote wameinunua.

Nipeni maji. Si mengi.

Kifungua mimba. Ulipoanza kazi nilikununulia hisa zako za sabuni, nikakukabidhi mwenyewe. Likaungua ghala moja la kiwanda, bei ikaporomoka, madereva wenzako wakapiga kelele, nawe ukauza zote siku hiyohiyo, ukaja hapa kifua mbele kunieleza ulivyojiokoa. Nilikwambia subiri. Ukasema, "Mama, wewe ni fundi nguo, mambo haya huyajui." Mbele ya mkeo. Miaka kumi na moja nimelimeza neno hilo na halijashuka.

Wakati unanijibu hivyo, pale chini ya meza palikuwa na oda ya ovaroli kutoka kiwanda hichohicho, kubwa kuliko zote. Mtu anayefunga duka haagizi nguo za wafanyakazi. Ulipoondoka tu, nilipanda zile ngazi za dalali na goti langu bovu, nikanunua hisa idadi ileile uliyouza. Zile zako, mwanangu. Ninazo mpaka leo.

Usilie, utanilowanishia shuka.

Nimeshaziandikisha kwa jina la binti yako, nawe ndiye mlezi wake mpaka awe mtu mzima. Nilitaka nikukomoe, nimpe muuguzi azishike. Nikashindwa. Wewe ndiye uliyenifanya niitwe mama. Nyingine zimegawanywa sawa kwenu watatu, karatasi zimo kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo, na kola moja ya hundi nimeiacha humo muikumbuke aibu yangu. Sitawakataza kuuza, mtauza mkitaka, lakini msiuze kwa woga, na msiuze kabla hamjaketi wote watatu mezani.

Mkono... leteni mikono. Mungu awape riziki ya halali na usingizi mzito. Mpendane, hata mkigombana.

Na wewe... bei ikishuka tena, maana itashuka... usiwaulize madereva. Simama getini pale kiwandani, zamu ikitoka. Hesabu ovaroli, mwanangu. Taratibu... mpaka ya mwisho... ndipo uamue.