Stesheni Sajenti Mstaafu Chediel Alute Njiku, Aliyemtia Pingu Mkwewe

Ndugu waombolezaji, mchungaji wetu, mashehe mliotufariji, majirani, na ninyi askari mliokuja na kofia zenu mikononi: wasifu huu una jambo ambalo hakuna mtu atakayeliamini. Litasomwa hivyo hivyo. Baadhi ya waliolishuhudia wamekaa hapa hapa chini ya turubai, na anayelisoma ni mjomba wa marehemu, Bonaventura, ambaye katika ukoo huu hajawahi kusema uongo zaidi ya unaohitajika.

Marehemu Chediel Alute Njiku alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 hapa Mwankoko, mtoto wa tatu wa Mzee Alute Njiku na Mama Martha, dada yake Bonaventura. Mjomba wake alikuwa bado mtoto mwenyewe, lakini ndiye aliyemfundisha kutembea, kuchunga na kupiga mluzi. Kutembea alikushika vizuri.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1972 na kumaliza la saba mwaka 1978. Mjomba wake aliishia la nne, kwa makubaliano na walimu. Inakumbukwa kwamba Chediel alipopewa ukiranja na kuambiwa awataje wanaopiga kelele, alianza kujitaja yeye. Mwalimu alimuuliza kama ana akili timamu. Akajibu, "Nilipiga kelele ya kuwanyamazisha, mwalimu." Alichapwa pamoja na wenzake wote aliowataja.

Mwaka 1985 alijiunga na Jeshi la Polisi na kupata mafunzo Moshi. Alifanya kazi Tabora, kisha Manyoni na Itigi, na mwaka 2009 alihamishiwa Ikungi, alikobaki hadi alipostaafu mwaka 2020. Alikuwa askari wa kawaida. Hakupiga mtu risasi, hakupigwa. Viatu vyake vilimeta, na hilo kwa barabara zetu ni ushujaa unaojitosheleza.

Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa na Elina, binti wa Mama Hana wa Mungaa. Wageni mliotoka mbali mwelewe jambo moja hapa. Kwa mila zetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawasalimiani kwa mkono. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Wakiwa na neno la kuambiana, wanampa mtu wa tatu alipeleke, na kama mtu hayupo, wanaliambia hata jiwe, mwenyewe asikie. Hiyo siyo chuki, ni heshima, na Chediel aliishika kuliko alivyoshika amri za jeshi.

Sasa linakuja lenyewe.

Mwezi Oktoba mwaka 2014, ng'ombe wa Mzee Moses, jirani wa Mungaa, waliibwa. Yowe likapigwa, wanaume wakatoka na marungu na mishale, wakafuata unyayo. Nao unyayo una sheria yake: ukiingia kwako, onyesha ulikotokea. Usipoonyesha, mwizi ni wewe. Unyayo ule ukaingia kwa Mama Hana na haukutoka. Ng'ombe walikuwa ndani ya zizi, na Gasto, kitinda mimba wa Mama Hana, alikuwa ndani ya tembe amejifungia.

Chediel alifika kwa pikipiki, peke yake, mchana jua likiwa kali. Akakuta umati umeizunguka nyumba na kuni zimeshaegeshwa ukutani. Mama Hana alikuwa amesimama mlangoni, amekamata miimo yote miwili. Askari akaona hapana mahali pengine pa kusimama ila mlango ule. Na mlangoni yuko mkwe.

Angefanyaje? Akageuka. Akaanza kutembea kinyumenyume, hatua kwa hatua, mgongo kwa mkwe, uso kwa umati, mpaka akaupata mlango kwa visigino.

"Chediel!" Moses akafoka. "Wewe ni askari wetu au ni mkwe wa mwizi?"

"Yote mawili, Mzee Moses. Ng'ombe wako wametimia?"

"Wametimia."

"Basi chukua ng'ombe. Mtu nitamchukua mimi."

"Mtu ndiye tunayemtaka! Ng'ombe hata kesho watatembea wenyewe!"

Kuni zikasogezwa. Hapo Mama Hana akasema, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kutumwa, akawaambia kuku waliokuwa miguuni pake.

"Nyie kuku, muulizeni huyo aliyenipa mgongo. Akimchukua mwanangu, atafika naye Ikungi akiwa hai?"

Chediel akawajibu kuku hao hao. "Mwambieni mama, kama mimi nitafika, na yeye atafika."

Mama akaingia ndani. Akamburuta Gasto kwa mkono mpaka kizingitini. "Kuku, mwambieni amchukue."

Chediel hakugeuka, maana angegeuka angekutana uso kwa uso na mkwe. Akatoa pingu, akapeleka mikono nyuma, akapapasa, akashika kifundo cha mkono, akafunga. Ikalia ka!

 Kisha sauti ya Mama Hana ikasikika nyuma yake, taratibu kabisa: "Kuku, mwambieni afande amenikamata mimi."

Mtu mmoja kule nyuma akaguna, mwingine akapasuka. Kicheko kikapita kwenye umati ule kama moto ambao ungepita kwenye miti ya tembe. Wanaume wazima walishikana mabega. Moses mwenyewe alichuchumaa chini akijifuta macho, na mtu aliyecheka namna ile ni vigumu kuinuka na kuchoma nyumba.

Lakini Chediel hakucheka. Alikuwa amemshika mkwe. Jasho lilimtiririka, akanyoosha ufunguo mbele. Kumfungua mwenyewe hawezi. Angemshika mara ya pili. Moses ndiye aliyeweka rungu chini, akauchukua, akamfungua mama, na kwa mikono yake mwenyewe akaifunga pingu ile kwa Gasto. Gasto akafika Ikungi akiwa hai. Mahakama ilimtia hatiani, akafungwa, akamaliza kifungo chake.

Mwaka uliofuata, mkoa uliwatunuku askari na raia waliofanya vizuri. Chediel alipewa cheti cha ujasiri, Mama Hana cheti cha raia mwema aliyemkabidhi mtoto wake mwenyewe mikononi mwa sheria. Kamanda alisoma kwamba koplo huyu "aliukabili umati wenye silaha kifua mbele". Chediel akainua mkono ili aeleze kwamba kifua kilikuwa mbele kwa sababu mkwe alikuwa nyuma. Mjomba wake alimkanyaga kiatu. Kwenye picha ya pamoja marehemu anaonekana akitazama ukuta. Vyeti vyote viwili vipo kwenye meza ile karibu na jeneza.

Kilichomsumbua hakikuwa cheti. Kumgusa mkwe ni kosa, na kosa hilo huombewa radhi kwa kondoo. Jumapili iliyofuata tukio alipeleka kondoo Mungaa kwa mkono wa wazee. Jioni wazee wakarudi na kondoo wao. Mama Hana hakumpokea wala hakusema sababu. Chediel akaelewa hivi: amemfunga mtoto wangu, amenifunga na mimi, sitaki kitu chake. Aliishi na jambo hilo zaidi ya miaka kumi. Elina alikwenda kwao na kurudi, akimuuliza mama yake habari hiyo hubadilishiwa mazungumzo.

Mwaka 2023 alianza kusumbuliwa na figo. Alitibiwa hapa Singida na baadaye Dodoma, na tangu Februari mwaka huu wa 2025 aliuguzwa nyumbani. Alifariki tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi, mkewe akiwa pembeni. Ameacha mjane, Elina, watoto watatu, Emilian, Happiness na Derick, wajukuu saba, shemeji yake Gasto, ambaye tangu alfajiri ndiye aliyekuwa na sepeto kaburini na amekataa kupokewa, na mama mkwe wake, Mama Hana. Udongo wa Mwankoko umlalie mwepesi, na Mungu amtunze mpaka tutakapoonana.

Ila neno la kondoo lisiachwe hewani, maana wengi wameuliza.

Wiki moja kabla ya kifo, Mama Hana aliletwa kutoka Mungaa kwa bajaji. Hakuingia ndani. Aliwekewa kigoda nje, chini ya dirisha la mgonjwa, akakaa mgongo ukutani. Chediel alikuwa ndani, kitanda kimeegemea ukuta ule ule. Mjomba Bonaventura akasimama dirishani kuwa mtu wa kupeleka maneno, kazi ambayo hakuna anayeiweza kama yeye.

"Bonaventura," mama akasema, "mwambie kondoo wa radhi hupokelewa na aliyekosewa. Mimi sikukosewa. Ningempokea, ningekuwa nimesema amenikosea."

Alisema hayo tu. Mjomba akainamisha kichwa dirishani, akakohoa, akaanza kumpelekea mgonjwa: "Mpwa wangu, mama anasema wewe ni simba wa Unyaturu yote, anasema tangu siku ile hajala nyama ya kondoo kwa ajili ya heshima yako, analia hapa machozi yanafika kwenye magoti, na anasema hata mbinguni akifika atatembea kinyumenyume ili—"

"Mjomba," Chediel akasema, "nyamaza. Nimemsikia."