Ishbel Mavor na Neno "Belyve"

Mchungaji, majirani na jamaa, mimi Lewis Mavor, mdogo wa marehemu, nimeombwa na familia niwasomee maisha ya dada yangu.

Ishbel alizaliwa tarehe 9 Machi 1931 shambani karibu na Strichen, Buchan, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mzee Walter, mtunza farasi, na mama Jean, akasoma shule ya kijiji, na mwaka 1949 akaingia chuo kikuu Aberdeen.

Juni 1952, akiwa kwenye mitihani ya mwisho, alipata barua yangu: "Baba anaumwa, njoo belyve." Nyumbani neno hilo lilimaanisha baadaye kidogo, kwa hiyo alimaliza mitihani, akaja siku ya tano, akakuta tumeshazika. Nilimwambia mlangoni, "Baba kakuita, wewe ukakaa," na hatukusemezana tena miaka arobaini na miwili.

Tangu 1953 hadi 1991 alifanya kazi kwenye ofisi ya kamusi ya Kiskoti, Edinburgh, ambako alilifuatilia neno hilo katika maandishi ya kale, akakuta asili yake ni "kwa uhai", yaani mbio, sasa hivi, ila kwa kuwa watu husema sasa hivi na wasiinuke kitini, likalegea likawa baadaye. Aliandika maana zote mbili, akajihukumu kwa ile ya kwanza.

Tarehe 4 Oktoba 1958 alifunga ndoa na marehemu Duncan Geddes, mwoka mikate wa Leith, wakajaliwa binti mmoja, Una. Sikuhudhuria.

Agosti mwaka huu, 1994, aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, Una akanipigia simu, nikaenda, nikamweleza nililoficha: Baba alisema, "Mwache mtoto amalize mitihani, aje belyve," nami nilikata nusu ya kwanza kwa sababu nilichoka kumuuguza peke yangu, na alipofariki niliona heri lawama iwe ya mwingine.

Akauliza, "Alisema mtoto?"

Nikamjibu, "Ndiyo, alisema mtoto."

Akaniomba nimnyanyulie mto, akageukia ukutani. Sikuthubutu kumuuliza kama amenisamehe, na tarehe 2 Novemba, saa nane mchana, akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomletea Una supu kila siku, na wenzake wa kamusi waliobeba jeneza.

Dada, pumzika sasa kwa amani, lawama nimeichukua mimi.